Ganzi ya Mlimani

Mjukuu wangu Rahma,

Nakusihi, haya yabaki kwako. Mama yangu anaamini nilikwenda Jojia kwa kazi za ofisi. Akijua nilipanda mlima wa theluji, ataniita nirudi Tanga kesho.

Hapa Dubai tu wazima. Umeniuliza kama umwambie msimamizi wa wodi unakojifunza uuguzi kwamba bado hujui kuchoma sindano. Ubibi wangu ni wa ukoo tu, umri tunakaribiana, lakini nina kisa.

Tulipanda katikati ya baridi, wakati wageni wameondoka na vibanda vya njiani vimefungwa. Kila mara kiongozi wetu wa mlimani aliponiuliza hali, nilimjibu kama ninavyomjibu bosi: "Hakuna shida, sir." Vidole vya miguu vilikuwa vimekufa ganzi.

Wanjiru, karani mwenzangu, akanivuta begi. "Bibi wa Tanga, huyu si arbab, bosi wako wa Dubai! Hawezi kukufuta kazi. Sema!"

Nikasema. Kiongozi hakukasirika. Alitusimamisha nyuma ya mwamba, na Wanjiru akaiweka miguu yangu ndani ya koti lake, huku akilalamika kwamba nimemletea samaki wa friji. Ganzi ilipotoka na miguu ikaanza kuuma, tukaendelea polepole. Nilifika kileleni, bado naogopa.

Mwezi ujao narudi Jojia, kupanda mlima mrefu zaidi. Likizo nimeshaomba.

Mwambie msimamizi kabla hujamshika mgonjwa. Kisha nitumie ujumbe wa sauti, usitumie simu ya nyumbani, mama asije akasikia. Saa za kazi sipokei, bosi hukaa nyuma yangu. Lakini ukiwa mlangoni pa wodi na maneno hayatoki, piga wakati wowote. Nitamwambia bosi natoka.

Bibi yako,
Mwanaidi