Dola Iliyochanika Kigoma

Mjukuu wangu Zaina,

Krr. Sauti ile ndogo ya ukucha ukipasua karatasi haijanitoka masikioni mpaka leo. Huku Kindu mama yako ni mzima, na mdogo wako ameota meno. Unasema huko Kampala umebadilishiwa dola kwa nusu bei kwa sababu imechanika, na unauliza kama kosa ni lako.

Wakati wa vita huku Kongo tulikimbilia Kigoma, ng'ambo ya ziwa, mama yangu akashikwa na homa. Nilikuwa na noti moja ya dola ishirini, niliyoivusha ikiwa imenyooka ndani ya kitabu cha shule. Nikaipeleka kwa mbadilisha fedha ili ninunue dawa; akaishusha chini ya meza, nikasikia krr.

"Dada, hii imechanika. Nusu bei."

"Imechanika mukononi mwako, papa! Ilikuwa muzima!"

"Wakongomani kwa kelele! Si kwenu ikichanika imekufa?"

Mimi, binti niliyesoma, nikanyamaza nikapokea nusu bei, maana kwetu ni kweli, dola yenye mchano haipokelewi. Mama akapata nusu ya dawa. Kesho yake jirani akaniambia benki ya pale inapokea noti iliyochanika kwa bei kamili. Mwizi yule alitumia sheria niliyotoka nayo nyumbani! Mama alipona, lakini hasira yangu haijapoa.

Kosa si lako, Zaina. Kunyamaza ulijifunza hapa dukani kwangu, ulipoona kila siku nikikataa noti kama hizo. Jana nilibandua ukutani ile karatasi ya "Dola iliyochanika hatupokei", na mama mmoja aliyetoka kijijini Tunda akanunua kitenge kwa noti yenye mchano, bei kamili.

Bibi yako