Tiketi Iwe ya Kwenda na Kurudi

Chumba cha Ushonaji,
Nyuma ya Stesheni.
Tarehe 9 Machi.

Mpendwa Kitindamimba,

Salamu nyingi zikufikie hapo ulipo. Hiyo baridi unaendeleaje nayo? Kifua kimeachia? Sisi huku hatujambo, ila goti la Mama linamsumbua asubuhi, na macho yangu yameanza kulikimbia tundu la sindano. Tunashukuru.

Picha za mkataba wako mpya ulizomtumia Mama nilimsomea mimi, maana alisema herufi ni ndogo. Nyumba juu ya shule, tena yenye chumba cha ziada. Umeme juu yao. Bima. Likizo ya miezi miwili na mshahara unaingia. Kiinua mgongo mkataba ukiisha. Kisha nikafika kwenye posho ya kuzoea mazingira. Mdogo wangu, hapo niliweka simu chini, sikufika mwisho. Mimi nimeyazoea mazingira haya miaka arobaini na tatu na hakuna aliyenilipa.

Sikufichi, nimepiga hesabu. Katika kila kumi unayopata, nane unaweza kuiweka. Mimi katika kumi, tatu ni pango, mbili uzi na umeme, moja ni ya wanaokopa sare za watoto kisha wakahama mtaa. Nne inayobaki inalisha watu watano. Nikiumwa, cherehani nayo inaumwa.

Uliandika kwamba walimu wenyeji wa hapo wanalipwa nusu yako na nyumba hawapewi, na kwamba mmoja, wa hesabu, haitikii salamu yako. Ulitaka nikuonee huruma. Nisamehe, nilimwelewa yeye kwanza.

Haya, pesa ni zako, umezisomea. Kilichoniuma ni kile kipengele cha mwisho, tiketi ya mzazi mmoja kila mwaka. Ulimwambia Mama kwa simu, na simu ya Mama unaijua, ni spika na mlango wazi. Muuza mkaa alijua kabla yangu. Alinipitia kazini: "Fundi, tumesikia Bi Mkubwa anapaa. Wewe unabaki na nani?" Nikamuuliza bei ya gunia.

Shangazi naye hakukosa la kutia: "Mwenzio ana mkataba, wewe una pedali."

Mama mwenyewe hakuniambia kitu. Alikuja na kitambaa kizito, akataka nimshonee koti. La wapi? "La baridi." Baridi gani, na sisi tunalala madirisha wazi? Akacheka, akanigeuzia mgongo nimpime.

Mimi ndiye ninayemkanda hilo goti kila asubuhi kabla sijafungua kazi. Ninampeleka kliniki, ninamnunulia dawa, ninasikiliza sifa zako. Sijawahi kumwona akicheka namna ile kwa kitu nilichompa mimi. Mshahara wako ningeuvumilia.

Sitamzuia. Ila tiketi iwe ya kwenda na kurudi, na tarehe ya kurudi niione kwa macho yangu kabla hajapanda. Miezi miwili ya likizo yako inatosha. Usimwonyeshe kile chumba cha ziada kama chake. Akikuuliza ni cha nani, mwambie cha wageni.

Dawa ya kukanda nitaifunga kwenye mzigo. Uipashe moto kidogo, usiimimine tu kama maji.

Shangazi anakusalimu, wifi yako anakusalimu, watoto wanauliza kama huko kuna theluji ya kula. Nawe nisalimie yule mwalimu wa hesabu, hata kama hataitikia. Mungu akuepushe na kifua na akudumishie riziki yako, hata hiyo iliyozidi.

Koti limekwisha. Bega la kushoto la Mama limeshuka kuliko la kulia, jambo ambalo kwa simu huwezi kulijua, nami nimelikata kwa kulifuata. Usimnunulie la dukani. Litamning'inia.

Ni mimi nikupendaye, leo kwa kinyongo,
Kaka Fundi