Mama Yake Radi

8 Februari

Mwanangu mpenzi,

Nakusalimu sana. Mimi mzima, ukiondoa hili goti ambalo wewe na mimi tunalijua. Wewe je? Joto la huko limepungua? Unakula? Usinijibu "nakula" tu, niambie unakula nini.

Nimeamua kuandika kwa sababu simu unaikata kila nikianza kuuliza maswali, na barua haikatiki. Tena kuna jambo ambalo kulisema kwa mdomo naona haya.

Juzi nilikuwa nafuta vumbi kompyuta yako. Nikaiwasha nione kama panya hawajatafuna nyaya, ikafunguka moja kwa moja kwenye ule mchezo wenu wa ngome. Sijagusa kitu, maandishi yakatokea: "Jamani, Radi amerudi." Nikakumbuka kwamba Radi ndiye wewe. Nikaanza kutafuta herufi niwaambie kuwa mimi siye, lakini vidole vyangu unavijua, vimezoea sindano. Kabla sijamaliza neno la kwanza tukavamiwa. Mmoja anaitwa Kijiko akaniandikia, "Radi, simama langoni, usisogee." Nikasimama. Mwanangu, sikusogea hata kidogo. Tukashinda, wakanipongeza, na mimi nikaona ni utovu wa adabu kuwaambia watu kwamba pongezi zao wamempa asiyehusika.

Basi ndiyo imekuwa shughuli yangu ya jioni nikishafunika cherehani. Mtu mzima kama mimi, naitwa Radi. Jirani akibisha hodi nafunika kioo kwa kitambaa cha mteja.

Walitaka kujua ulipotelea wapi. Nikajibu, kama wewe, kwamba uko mji wa mbali, umepata kazi ya uhandisi hospitalini. Kijiko akaandika, "Nilijua tu. Wewe ulikuwa na kichwa." Nilijivuna hadi nikasahau kupigana.

Niambie kama niache. Niambie pia kwa nini mnaung'ang'ania mchezo ambao watu wake wana pua za pembe nne na miti yake kama mafagio.

Mama yako


20 Februari

Shikamoo mama,

Mimi sijambo. Nakula wali na maharage, na Jumapili napata samaki. Goti lipake ile dawa, usingoje liume.

Nimecheka peke yangu mpaka jirani akagonga ukuta. Mama langoni.

Mchezo ule ni wa zamani kweli. Waliouunda waliutelekeza kitambo. Yule anayejiita Mhasibu ndiye anayeuendesha nyumbani kwake, kwa mashine yake na umeme wake, na hakuna aliyemtuma. Michezo mipya inataka kompyuta mpya, na ukishaizoea wenyewe wanaifunga ili uhamie mwingine. Huu hakuna wa kukufukuza. Kila jiwe lake tunalijua. Hatuendi kuutazama, mama, tunaenda kukutana.

Cheza tu. Ila habari za kazi yangu usiwape tena. Hapa kazi ni nyingi, nitachelewa kujibu.

Mwanao


23 Machi

Mwanangu,

U hali gani? Mimi naendelea vizuri, na dawa napaka.

Maelezo yako nimeyaelewa. Ni kama cherehani yangu. Wauza mashine wananicheka, lakini ikikwama naifungua mwenyewe nikaifunga, na za kwao zikikwama zinarudi dukani kwenye boksi.

Sasa nisikilize. Siku hizi Kijiko anabaki nami wengine wakishatoka. Tunarekebisha ukuta, yeye anaandika, mimi nasoma. Ni fundi wa majokofu. Karakana yao imepata bosi mpya anayemtuma chai kama mwanafunzi. Mke wake amerudi kwao na mtoto, amemwambia amechoka kuishi na mtu anayerudi nyumbani na kununa. Akaniandikia, "Radi, sijamwambia mtu mwingine haya. Nimelia bafuni kama mtoto mdogo."

Nilitaka kuzima mashine. Maneno yale mwanamume anamwambia rafiki yake, hamwambii mama wa mtu. Lakini ningemwachaje katikati? Nikaandika, "Vumilia, kaka. Mpigie mkeo, usianze na lawama." Mimi, kumwita kaka mtoto wa rika lako.

Jana ameuliza kama kazini kwako kuna nafasi ya fundi. Nikamjibu nitaulizia. Najua ulinikataza habari za kazi, lakini yeye ndiye aliyeuliza. Nijibu basi, nisiendelee kumzungusha mtu mwenye shida.

Mama yako


2 Mei

Mwanangu,

U mzima kweli? Barua yangu hukujibu, simu unasema uko kazini na unakata. Nimejipa moyo kwamba mhandisi ana mambo mengi.

Nitakwambia nilichofanya, kisha unigombeze ukipenda. Kijiko aliuliza tena. Akauliza tena. Mara ya mwisho aliandika, "Kama haiwezekani sema tu, Radi, sitachukia." Wenzake wote walikuwepo wanasoma. Nikaona nikijibu kwamba hujui, watadhani umepanda juu umewasahau. Nikaandika, "Njoo. Nitakupokea."

Nilidhani atajipanga mwaka mzima, kama watu wanavyojipanga. Ameacha kazi. Chumba amekirudisha kwa mwenye nyumba. Amekata tiketi ya basi, atafika huko tarehe kumi na moja mchana. Nimempa namba yako na anwani yako.

Usinyamaze, baba. Mpokee tu, hata kama nafasi haijapatikana. Kwa mtu wa cheo chako haikosekani pa kumweka.

Mama yako


3 Mei

Shikamoo mama,

Barua yako imenifikia kwa basi la usiku, na hii nairudisha kwa basi hilohilo. Leo sina nguvu ya salamu ndefu.

Mimi si mhandisi. Nilikuambia nimepata kazi hospitalini, upande wa mitambo. Mitambo yenyewe ni mashine za kufulia. Natoa mashuka ya wagonjwa kwenye mikokoteni, nayaingiza mashineni, nayatoa, nayakunja. Cheti changu walikitazama wakanirudishia. Wewe ndiye uliyeanza kusema uhandisi, ukawaambia shangazi na wateja wako, na mimi nikaacha liende kwa sababu sauti yako ilikuwa na furaha. Ndiyo maana niliacha kucheza bila kuaga. Wale wangeniuliza kazi, na kuwadanganya wao sikuweza. Kumbe uongo umewafikia bila mimi.

Na barua ya Machi niliisoma. Niliisoma na kuiacha, nikidhani ukikosa jibu utanyamaza nawe.

Umemwita mtu kwenye nyumba isiyokuwepo, mama. Nina chumba kimoja na kitanda cha futi tatu. Mwambie asije. Mwambie ukweli wote, na wako pia, kwamba siku zote hizi alikuwa anaongea na wewe. Mimi siwezi.

Mwanao


6 Mei

Mwanangu,

Barua yako nimeisoma nimekaa, nikaisoma tena nimesimama, haikubadilika.

Kufua mashuka ya wagonjwa si aibu. Mimi nimekulea kwa kupunguza suruali za watu. Kinachonichoma ni kwamba uliona furaha yangu ni ya kuhurumiwa, ukanificha kama unavyomficha mgonjwa. Halafu najiuliza nani alikufundisha kuniogopa hivyo, na jibu nalijua. Nilitangaza uhandisi wako kwa kila aliyekuja kupimwa nguo. Hukuwahi kutamka neno hilo. Nilikushonea koti kubwa kuliko wewe, nikakuacha utembee nalo.

Nilimtafuta Kijiko siku ileile. Hakuwepo. Mhasibu akaniandikia, "Ameshaanza safari, si ulimwita mwenyewe? Atapitia kwa ndugu zake njiani. Ametuaga vizuri, vifaa vyake amemwachia mwenzake wa karakana." Nikampigia kwa namba aliyowahi kunipa, haipatikani. Sikuwa na uso wa kumweleza Mhasibu. Nikazima.

Kwa hiyo atafika, na wewe utakuwepo kituoni. Sikuombi, nakuambia. Mimi nimemdanganya na wewe umenidanganya, hayo tutayabeba. Lakini ukimwacha asimame peke yake kwenye mji asioujua, hilo sitakusaidia kulibeba.

Usimlaumu kwa kuamini. Mwambie ni mimi.

Mama yako


29 Mei

Shikamoo mama,

Nisamehe kwa kukaa kimya. Nilikuwa sijui naanzia wapi. Afya ipo.

Siku ile nilifika kituoni mapema, nikasimama nyuma ya kibanda cha tiketi. Nakwambia ukweli, mama: nilisimama pale nikimwangalia aliposhuka, na sikutoka. Nilimtambua kwa picha aliyowahi kunitumia zamani. Alikuwa amevaa koti la suti kwenye joto lile, lina mikunjo ya kukaa safarini, akawa analinyoosha kwa kiganja. Alikuwa amevaa kwa ajili ya ofisi yangu. Akatoa simu akapiga, na simu yangu ikaita mfukoni pale nilipojificha. Akageuka kuelekea mlio.

"Radi?" akasema.

Akanikumbatia. Nikamwambia tukae kwanza. Akakaa juu ya begi lake, nikamweleza habari ya kufua. Alinisikiliza, kisha akacheka kidogo.

"Sasa mbona uliniandikia nije?"

"Si mimi niliyeandika."

"Nani basi?"

"Mama."

Hakuelewa. Ikabidi nirudie. Tangu Februari ni mama, langoni ni mama, ukutani ni mama. Nikaona uso wake unabadilika polepole, anarudi nyuma jioni baada ya jioni.

"Na yale ya mke wangu?"

Nikageuka nikaangalia mabasi.

"Ya bafuni?"

"Aliyasoma yeye. Na mimi akaniandikia."

Hakupiga kelele. Heri angepiga. Alivua lile koti, akalikunja, akaliweka begini, akasema, "Basi mama yako ananijua kuliko mama yangu." Halafu akataka kujua basi la kurudi ni lini, akakumbuka hana chumba cha kurudia.

Tunakaa wote. Kitanda nimempa yeye, mimi nalala chini. Msimamizi wetu alikuwa anatafuta mtu wa kusukuma mikokoteni, akamchukua. Asubuhi tunatembea kwenda kazini mmoja mbele mmoja nyuma. Hajanisamehe. Nikimwomba chumvi ananipa chumvi, na hapo mazungumzo yameisha.

Jana tulikuwa tunakunja mashuka, kwa sababu shuka la hospitali linahitaji watu wawili, huyu pembe hizi, yule pembe zile. Bila kunitazama akauliza, "Ile ya kumpigia nisianze na lawama, ulimwambia wewe aniandikie?" Nikasema hapana, ni yake mwenyewe. Tukakunja mashuka mengine mengi. Mwishoni akasema, "Nilimpigia, wakati ule. Tuliongea vizuri."

Sijui maana yake ni nini. Nimekuandikia kama alivyosema. Na hili la kukuandikia maneno yake linanikera pia, nitaliacha.

Mwanao


17 Juni

Mwanangu,

Nakusalimu, na mwenzako msalimie kama atakubali salamu zangu. Goti limetulia. Kazi ipo, watu wananenepa na kukonda, wote wananijia.

Shangazi yako nimemwambia unafua mashuka hospitalini. Akasema, "Kwani si ulisema mhandisi?" Nikasema, "Nilisema mimi." Wateja nao nawaambia mmoja mmoja. Baadhi wananihurumia, na huruma yao ni chungu, lakini nameza.

Kompyuta nilikuwa nimeifunika shuka kama kioo cha msibani. Wiki iliyopita nikaifunua. Nilitaka kuaga tu. Walikuwepo karibu wote, nikaandika polepole, nimeshaipanga sentensi kwenye karatasi: "Mimi si Radi. Mimi ni mama yake. Nimewadanganya tangu Februari, na Kijiko nimemdanganya kuliko wote. Naomba radhi." Mmoja akaandika kicheko. Mwingine akatoka, na hajarudi mpaka leo, naambiwa. Mhasibu akaandika, "Mama, hapa hatumfukuzi mtu. Lakini jina la mwenzetu liache, chukua lako." Alikuwa na haki. Nilisikia masikio yanawaka.

Sasa ninaingia kwa jina la Mama Yake Radi. Wananipa kazi za kubeba mawe. Hawatanii nami kama zamani, wanaandika kwa adabu, na adabu hiyo naisikia kama baridi mgongoni. Sikwambii haya ili unipe pole.

Jana jioni Kijiko aliingia. Sikujua kama ninyi mna kompyuta, baadaye akaniambia ni ile mbovu ya chumba cha mapumziko kazini kwenu, haifungui kitu kingine chochote ila huu mchezo wetu. Nilipoona jina lake nilitaka kukimbia. Akaja mpaka nilipokuwa na mawe yangu, akasimama mbele yangu. Wale watu wa pua za pembe nne hawana nyuso za kusoma, unakaa tu unangoja.

Akaandika, "Shikamoo."

Niliitazama hiyo herufi kwa herufi. Miezi yote ile alikuwa ananiita mshikaji. Nikakosea mara mbili, mwisho nikaandika, "Marahaba."

Akachukua jiwe langu moja akaliweka ukutani. Kisha akaandika, "Mama, kuna jambo nataka kukuuliza."

"Niulize, mwanangu."

Akaniuliza, nikamjibu nilivyoweza. Tulimaliza ukuta wakati majirani wanafunga milango yao, na nyuma yangu mlango ulikuwa wazi, sikufunika kioo.

Alichoniuliza sitakuandikia.

Mama yako