Sindano Iliyoelekea Mandewa

Mandewa, Singida
4 Februari 2025

Mwanangu Evodia,

Hujambo? Huku sote wazima, ila mama yako na goti lake, na kuku wanaozidi kutumalizia alizeti.

Naandika kwa sababu kwenye simu ungesikia sauti inakwama. Ule mnara wa redio wa kuongozea ndege, ninaouhudumia tangu hujazaliwa, unastaafishwa mwezi ujao. Siku hizi ndege zinafuata setilaiti. Sikatai, setilaiti ni nzuri. Lakini mlio wa mnara huu ndio uliokufanya uwe rubani, maana ulikuwa unashinda nao kibandani kwangu, pale chini ya mnara, na bado hujawahi kuufuata kuja nyumbani. Njoo nao mara moja tu kabla sijauzima. Ukija, firigisi ni yako.

Baba yako, Zefania

Dar es Salaam
23 Februari 2025

Baba, shikamoo.

Mimi mzima, namshukuru Mungu. Mama mpe pole ya goti.

Firigisi! Maisha yangu yote napewa shingo, leo mwenye nyumba anaiachia? Basi jambo hili linakuuma kweli. Ndege yetu bado ina kile kipokezi cha zamani, chenye sindano inayoonyesha mnara uliko. Shida ni ratiba, safari za Singida wanapangiwa wenzangu. Nimeomba kubadilishana zamu. Usimwambie mama, asije akachinja mapema.

Binti yako, Evodia

Mandewa
14 Machi 2025

Mwanangu,

Salamu nyingi. Siku imepangwa: tarehe 28, ndege ya asubuhi ikishaondoka, nazima. Mama nimemwambia, lilinishinda kukaa nalo. Ameshawaita shangazi zako kutoka Kiomboi, na jogoo kafungwa mguu. Mbona kimya? Kama haiwezekani sema tu, nitaelewa. Hapana, nadanganya, sitaelewa.

Baba yako

Ujumbe wa simu, maana barua itachelewa
28 Machi 2025

Baba, shikamoo tena. Shangazi hawajambo na makoo yao? Vile vigelegele nilivisikia injini bado zinanguruma!

Nilinyamaza kwa sababu zamu niliipata jana jioni, nikaogopa kukupa tumaini la bure. Tulipokaribia Manyoni mlio ukaingia masikioni, uleule wa kibandani. Sindano ikatikisika, ikatulia, ikaelekea nyumbani. Nililia, Baba. Kapteni Miraji akajifanya anatazama mawingu.

Muda ulikuwa mfupi, hata kukukumbatia sikukukumbatia vizuri, ukanisukumia hotipoti pale kwenye ngazi. Tuliporuka nikadhani unazima. Sindano ikageuka nyuma, ikabaki inakuelekea wewe. Tukapanda, tukanyooka, bado. Kapteni akauliza, "Mzee amesahau?" Nikamwambia, "Hajasahau, ananisindikiza."

Wenzako humsindikiza mgeni mpaka njia panda, wewe umenifikisha Manyoni! Mlio ulififia kwa umbali tu, wala si kwa mkono wako. Najua umekaa hapo kibandani, na mama anakuita ule.

Firigisi nimeimaliza. Tumetua sasa hivi. Zima, Baba, ukale. Nimefika.

Binti yako, Evodia