Neno la Kumwita Renatus

Gendabi, Hanang
12 Juni 2025

Chiriku wetu, mpendwa dada Evaline,

Shikamoo dada! Yaeda Chini wanakuonaje? Wanafunzi wako hawajambo? Sisi wazima, kifua cha mama kimepoa, mahindi tunavuna. Simu yako haishiki huko, ndiyo maana nimeshika kalamu.

Dada, huku kumewaka! Na aliyewasha ni mdogo wako Renatus.

Wiki iliyopita alipita kwa Mama Scolastica, yule jirani yetu mjane, akaona ng'ombe wenye alama ya sikio ya mzee Gidahoda wa Getanuwas. Akapiga picha, akatupa kwenye grupu la kijiji: "Ng'ombe wa wizi hawa hapa!" Yaani hata kuuliza hakuuliza! Amekulia Babati, hajui wafugaji wanaweka ng'ombe kwa rafiki. Wewe unakamua, ndama ni wa mwenyewe, na hakuna anayetangaza. Nani anataka watu wahesabu mifugo yake?

Jioni hiyo vijana wenye fimbo walijaa mlangoni kwa mama wa watu. Asubuhi wateja wote wa maziwa wakamkimbia. Na maziwa ndiyo yanasomesha watoto wake, dada!

Mzee Gidahoda alikuja mwenyewe, akasimama katikati ya kikao cha kijiji: "Haya, mimi nimeibiwa lini? Mbona sijaambiwa?" Watu walicheka mpaka basi. Lakini wateja hawajarudi.

Sasa wazee wameniagiza mimi, admini wa grupu, niandike tangazo, niseme wazi ile ilikuwa kitu gani. Nikawaita Renatus na Mama Scolastica, nikafungua kamusi yangu niliyonunua mnadani, nikasahau hata kula! Uvumi hauna mwenyewe, huu unaye. Uongo, mtu anajua ukweli anauficha, Renatus hakujua. Uzushi, mtu ametunga. Hapo Renatus akaruka: "Nimetunga nini? Picha si ya kweli?" Nikapiga makofi! Upotoshaji! Picha ya kweli, maneno yameipindisha! Dada, nilijiona profesa.

Mama Scolastica hakupiga makofi. "Mwanangu, hilo neno refu nani ataliogopa? Andika uzushi, watu warudi kununua maziwa."

Ana haki kabisa. Uzushi hata mtoto analijua. Lakini huku kwetu mzushi hakaribishwi ndani ya nyumba, na mwezi ujao wazee wanapeleka posa ya Renatus kwa kina Brightness. Nani atakubali kumsindikiza mzushi?

Nisalimie shemeji Sylvester na Hilda mdogo. Mama anawaombea mvua ya kiasi na afya tele.

Basili wa pikipiki aliyekuletea hii analala huko, kesho anarudi. Mpe jibu, tangazo linasomwa Jumapili baada ya ibada. Renatus ni damu yako, Mama Scolastica alikubeba mgongoni. Wewe ungeandika neno lipi?

Mdogo wako anayekupenda sana,
Agustino