Haikuwa Mguu Wangu, Baba Koku

Baba Koku,

Klachi imepona. Naanza na hilo kwa sababu najua ungeulizia gari kabla ya kuulizia watu.

Watu nao hawajambo. Koku amerudi shule. Mama yako anakula kidogo, lakini anakula. Migomba iliyo karibu na kaburi lako nimeipalilia mwenyewe.

Baada ya msiba ile vani ilikaa tu uani. Kisha nikaona ndizi zinaiva kibanjani, na wenye magari ya kuzipeleka Bukoba wananipangia bei wanavyotaka wao. Nikachukua ufunguo. Lakini kila nikiachia klachi niondoke, gari linatetemeka lote kama mtu mwenye homa, vioo vinagongagonga, kisha likishashika mwendo linatulia. Wanakwaya niliowapeleka Muleba walishikana mikono wakicheka. Mama yako alipanda mara moja tu, akasema kiuno chake hakiwezi. Na mdogo wako Audax akaja nyumbani, akavuta kiti: "Shemeji, unaliua gari. Tuliuze lingali linatembea."

Nilikuwa nasikia sauti yako, siku zile ulizonifundisha kwenye uwanja wa shule pale Kamachumu: "Mguu, Mama Koku! Mguu!" Nilikuamini. Nilivua viatu nikafanya mazoezi peke yangu, naachia polepole, naachia haraka. Likatetemeka vilevile.

Ndipo nikalipeleka Buhembe kwa fundi Swithbert, yule aliyekuwa anakutengenezea breki. Nikamwambia, "Sijui kuachia klachi, tafadhali waitu. Nielekeze." Yeye akaniuliza linatetemeka wakati gani. Nikamwambia ni wakati wa kuondoka tu, au kurudi nyuma, na mlimani ndiyo balaa. Akaomba ufunguo akaliondoa mwenyewe. Baba Koku, lilimtikisa hadi kofia ikamshukia machoni! Nilisimama pale barabarani nikacheka mpaka nikalia.

Alianza na raba zinazoshikilia injini, maana hizo zikikatika injini hucheza. Zilikuwa nzima. Basi yeye na vijana wake wakashusha gia boksi. Sahani ya klachi ilikuwa imelowa oili, inang'aa, na lile gurudumu la chuma inalolibana lilikuwa na madoa ya kuungua. Oili ilipitia kwenye sili ya nyuma ya injini, ule mpira wa kuizuia, uliokuwa umekakamaa kama ngozi kavu. Sahani ikilowa hivyo haishiki sawasawa: inashika, inateleza, inashika tena, na ndiyo ile mitetemeko. Swithbert akanionya kwamba nikibadilisha sahani nikaiacha sili, nitarudi kwake. Tukabadilisha vyote, na lile gurudumu likapelekwa mjini kusawazishwa.

Akasema pia, huku akifuta mikono, "Uvujaji huu haukuanza jana, mama."

Hapo nikakumbuka. Kila tulipofika chini ya mlima ulikuwa unanisimamisha, unasema, "Sogea, hapa niachie mimi." Nilidhani huniamini. Ulijua? Ulikuwa unasubiri tuuze kahawa ndipo utengeneze, au uliona haya kuniambia? Njia nzima ya kurudi nilikununia. Kununa peke yako garini ni kazi ngumu sana. Nilipofika nyumbani nilikuwa nimechoka, nikakuacha.

Jumapili nilimwomba mama yako ajaribu tena. Akakaa mbele na mkoba wake mapajani, kwaya nyuma, Audax naye akapanda, nadhani aje aone aibu yangu. Katikati ya mlima nikasimama makusudi. Nikavuta breki ya mkono, nikaweka gia, nikaachia klachi. Gari likaondoka taratibu, kimya, kama maji. Mama yako akanitazama, akasema tu, "Twende, mwanangu, tusichelewe ibada." Audax alichungulia dirishani mpaka kanisani. Habari ya kuuza hajaitaja tena.

Nimekuja hapa kaburini kukusomea haya kabla sijapakia ndizi. Kuna vitu vingi bado sivijui, na wewe hutanijibu tena. Nimeanza kuzoea, siyo sana.

Nakuahidi mama yako hatatembea kwa miguu kwenda kliniki maadamu mimi niko. Na Koku akifunga shule, nitamfundisha kuendesha. Kila ninachokijua nitamwambia, hata kile kibovu.

Lala, mume wangu. Jua limeshapanda, na Bukoba wananisubiri.

Mama Koku