Uchunguzi Kuhusu Mchezo wa Bunduki

Kwa Mama, Mkuu wa Kaya na Mshika Funguo za Kabati:

Natangaza rasmi kwamba nimekamilisha uchunguzi wa kina kuhusu michezo ya kupigana na tabia za watoto. Umechukua muda wa kunywa chai. Chakula kiko jikoni, pasha tu. Gesi nimeifunga.

Asubuhi ulimkuta mdogo wangu akinitwanga ngumi, ukamwambia, “Hiyo michezo ya bunduki ndiyo inayokuharibu!” Ukaifungia kabatini mashine yake ya michezo ya video. Akalia. Nami nikajilaza sakafuni kama majeruhi.

Napendekeza mchezo ufungiwe ~~mwezi mzima~~ wiki moja.

Bibi ananichungulia begani: “Mwambie na za sharubu, wewe!”

Haya. Alipokuwa amelala nilimchora sharubu kwa rangi ya viatu, kama tunavyofanyiana bwenini. Akaenda nazo dukani kununua mkate bila kujua, wenzake wakamcheka mpaka akarudi mbio, akajisugua uso, kisha akanirukia. Hasira ile niliitengeneza mimi, Mama, wala si mchezo. Mfungulie.

Namfuata uwanjani nikamwombe radhi. Nikirudi nimevimba, jua nimestahili.

Mwanao mkubwa (kwa umri tu)